Tuta Lililopinda

Mzee Malimi aliigeuza karatasi juu chini, kisha akairudisha ilivyokuwa, akaisogeza mbali na uso wake hadi mkono ukanyooka wote. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi kisogoni. Upande wa pili wa meza, Zahabia alikaa wima, mikono ameifumbata mapajani, akisubiri kusifiwa.

"Ngoma nzuri," alisema Mzee Malimi hatimaye. "Ya kwa nani hii?"

Zahabia alidhani hakusikia vizuri. "Ni yenu, Mzee. Hii ndiyo nembo ya kikundi."

"Yetu?" Mzee alivuta miwani ikashuka hadi puani. "Yetu haina kiuno, binti yangu. Hii ina kiuno kama bibi harusi. Ngoma yetu ni nene, huku na huku sawa, na tunaipiga kwa fimbo." Akaiweka karatasi mezani taratibu, kwa adabu ya mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Mrudishieni mwenyewe. Atakuwa anaitafuta."

Akaaga, akaondoka zake na baiskeli yake.

Zahabia alikuwa ameinunua picha ile mtandaoni. Aliandika "ngoma ya Afrika", zikaja picha mia tatu, akachagua iliyompendeza. Mzee alipoondoka alitafuta asili yake, akakuta ni ngoma ya watu wa huko magharibi kabisa mwa bara, safari ya ndege mbili tatu za kuunganisha. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alizaliwa Mwanza, baba yake alizaliwa Mwanza, na duka la babu yake lilikuwa katikati ya mji tangu enzi ambazo mji wenyewe ulikuwa mitaa minne na stesheni. Kutoka kwenye paa la nyumba yao, siku isiyo na ukungu, vilima vya Ihalo vilionekana ng'ambo ya maji. Watu wa vilima hivyo walimwomba awachoree uso wao, naye akawapa uso wa watu asiowajua yeye wala wao.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili mtaani Mirongo, juu ya duka la vitambaa, na mwenye ofisi alikuwa Pankaj, mtu wa miaka hamsini mwenye tumbo dogo na subira ndogo zaidi. Kazi yake ilikuwa kuvipa vikundi vya sanaa sura: kwaya, wachonga vinyago, waigizaji, wachoraji waliokuwa na kipaji kikubwa na mwandiko mbaya. Aliwatengenezea nembo, akawachagulia rangi na herufi, akawajengea tovuti ili mtu aliye mbali aweze kujua kwamba wapo. Aliipenda kazi hii kuliko alivyopenda kukiri. Zahabia alikuwa naye kwa miaka miwili, akipunguza ukubwa wa picha na kusahihisha kazi za wengine, na Wana Ihalo walikuwa wateja wake mwenyewe wa kwanza.

Wana Ihalo walicheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Walitaka tovuti kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya heshima: waandaaji wa tamasha moja la ughaibuni waliwaandikia kwamba wangependa kuiona tovuti ya kikundi kabla ya Jumamosi, ndipo waamue kama watawaalika. Ya pili ndiyo iliyomnyima Mzee Malimi usingizi, naye hakuificha. Kikundi cha upande wa pili wa kilima, mahasimu wao wa uwanjani tangu enzi za babu zao, kilikuwa kimeshafungua tovuti, tena yenye muziki.

Mara ya pili Zahabia hakununua picha. Alichora mwenyewe ziwa, mawe, jua linalozama, na samaki mmoja aliyejikunja kwa madaha. Aliikeshea kazi ile kwa mapenzi yote. Mzee Malimi alikuja tena, safari hii na Mama Evelina, mwanamke mpana wa mabega ambaye ndiye aliyeongoza mstari wa majembe. Waliitazama pamoja kwa muda mrefu.

"Samaki amenona," Mama Evelina alikubali.

"Amenona kweli," alisema Mzee. "Wapelekee watu wa soko la samaki Mwaloni, Kirumba kule, watafurahi. Sisi ni wakulima, binti yangu. Samaki tunamjua akiwa kwenye sahani."

Walipoondoka Pankaj alifunga mlango wa kioo, jambo ambalo hakulifanya ila palipokuwa na neno.

"Mara ya kwanza ngoma ya watu, mara ya pili samaki," alisema. "Zahabia, Ijumaa wanakuja mara ya mwisho. Wakikataa tena, kazi namkabidhi Zain aimalize usiku huohuo. Tamasha halitatungoja."

"Nimeelewa, Pankaj bhai."

"Na nembo isomeke hata ikiwa ndogo kama ukucha. Hilo nalo usilisahau."

Hakulisahau. Alilolisahau, au tuseme hakuwahi kulijua, ni kwamba watu hawa hakuwahi kuwaona wakicheza. Alikuwa ametazama video fupi mbili za simu ya Mzee Malimi, zilizotikisika hata huwezi kutofautisha mtu na vumbi. Akampigia Mzee simu, akaomba aruhusiwe kuja kwenye mazoezi.

"Njoo Jumatano," alisema Mzee. "Asubuhi mapema. Tutakuwa shambani kwa Odeta."

Akafika Jumatano na kamera shingoni na raba nyeupe miguuni. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha juzi yake na ardhi ilinukia. Shamba la Odeta lilishuka kutoka kwenye mawe makubwa ya kilima hadi karibu na ufukwe, na katikati yake palikaa jiwe moja kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, ambalo hakuna aliyewahi kuwa na wazo la kuliondoa. Odeta mwenyewe alikuwa mlangoni pa nyumba yake, amepakata watoto pacha wa wiki moja. Watu walikuwa wanakusanyika, wamevaa nguo kuukuu, kila mmoja na jembe begani. Zahabia alitafuta kwa macho mavazi ya manyoya na shanga, hakuyaona.

"Shikamoo, Mama Evelina. Mazoezi yanaanza saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mazoezi gani? Tunalima. Odeta amejifungua, nani atamlimia?"

Zahabia alikasirika. Zimebaki siku mbili, alijisemea, na mimi nimeitwa kuangalia watu wakilima. Alikuwa hata ameanza kutafuta maneno ya kuagia kwa heshima, na Mungu anajua angeyapata, kama Mzee Malimi asingejipachika mkanda wa ngoma begani wakati uleule.

Ilikuwa nene, huku na huku sawa. Aliigonga mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi, na watu wote shambani wakanyamaza. Akagonga mara mbili. Watu ishirini na wanne wakajipanga bega kwa bega kwenye ukingo wa juu wa shamba, kila mmoja na tuta lake mbele yake ambalo bado halikuwapo. Mama Evelina alisimama katikati. Akaanza wimbo kwa Kisukuma, sauti nyembamba kuliko mwili wake, na ule mstari wote ukamjibu kwa pumzi moja.

Hapo majembe yakapanda.

Yalipanda yote kwa pamoja, yakasimama juu, na jua la asubuhi likayapiga. Kisha yakashuka, na Zahabia akausikia mshindo kwenye nyayo kabla haujafika masikioni. Ardhi ilifunguka. Yakapanda tena. Safari hii mikono iliyaachia. Majembe ishirini na manne yaliachiwa hewani, yakazunguka, mpini ukawa juu na chuma kikawa chini na mpini tena chini, na kila mkono ukadaka jembe lake bila jicho kulifuata, yakashuka, yakauma udongo. Hakuna aliyekosa. Hakuna aliyetazama kama amekosa. Wimbo haukukatika, miguu ilisogea, na nyuma ya kila mtu tuta likawa linazaliwa, jeusi na lenye unyevu, kana kwamba lilikuwapo chini siku zote likisubiri kuitwa.

Zahabia alisahau kamera. Machozi yalimlenga bila sababu aliyoweza kuitaja, na aliingiwa na woga ule wa kusimama karibu mno na kitu kikubwa. Maisha yake yote alikuwa akiichukulia ngoma kuwa kitu cha kutazamwa: cha uwanjani, cha sherehe, cha wageni wa heshima na viti vya plastiki. Hapa hapakuwa na mtazamaji isipokuwa yeye na mama mzazi mlangoni. Watu hawa walikuwa wanacheza hivyo, kwa uzuri wote huo, ili Odeta apate mihogo.

Walipolifikia lile jiwe hawakusimama. Waliokabiliana nalo walisogea pembeni, wenzao wakawapisha, na waliofuata wakawapisha hao, hata mstari mzima ukapinda na kulizunguka jiwe kwa utulivu.

Saa nne walipumzika. Mama Evelina aliketi kwenye tuta, akanywa togwa, akamnyooshea Zahabia jembe lake.

"Lishike, usikie uzito."

Lilikuwa limelika hadi nusu, makali yake yamejipinda kama mwezi mchanga. Zahabia aliyajua majembe, tena vizuri sana. Duka la babu yake, Mzee Fidahusein, liliuza vifaa vya chuma, na yeye utotoni alicheza juu ya marundo ya majembe mapya, baridi, yaliyopakwa mafuta, akinusa harufu yake kwenye vidole wakati wa chakula cha jioni. Aliyajua yakiwa hayajawahi kugusa udongo. Akaligeuza hili. Karibu na mahali chuma kinapoingia kwenye mpini, chini ya miaka mingi ya jasho na matope, aliona vitobo vitatu vidogo vimepangwa pembetatu.

Alivijua. Akilini alimwona babu yake ameketi mlangoni pa duka na nyundo ndogo na msumari mnene, akigonga kila jembe mara tatu kabla ya kuliuza. Aliwahi kumwuliza kwa nini. "Ili likirudi nilijue," babu alisema. Na hakukumbuka kama kuna lililowahi kurudi.

"Mama," alisema, "hili mlinunua wapi?"

"Hilo? La Nukta Tatu hilo. Mama yangu alilinunua mjini kabla sijaolewa. Chuma cha namna hiyo hukipati siku hizi, ya sasa yanakunjika kama kadibodi." Akanyoosha kidevu upande wa wenzake. "Na la Luhende ni la Nukta Tatu. Na la Ngosha pale. Wazee wetu walikuwa wakienda mjini hawaulizi bei kwanza, wanageuza jembe waone nukta."

"Nukta Tatu ni babu yangu."

Mama Evelina alishusha kibuyu. Alimtazama Zahabia kuanzia raba zake, ambazo zilikuwa zimeshaacha kuwa nyeupe, hadi kwenye ushungi wake, kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

"Malimi!" aliita. "Malimi, njoo! Huyu mchoraji wako ni mjukuu wa Nukta Tatu!"

Wakaja, wakamzunguka, kila mmoja akageuza jembe lake na kumwonyesha. Mengine yalikuwa na nukta, mengine hayakuwa nazo, na wenye yasiyokuwa nazo walieleza kwa uchungu jinsi la marehemu baba lilivyoibwa. Zahabia aligusa nukta moja baada ya nyingine. Miaka miwili alijifunza namna ya kutengeneza alama ambayo mtu ataiamini, na babu yake alikuwa ameitengeneza kwa msumari mlangoni pa duka, na kwa miaka hamsini ilikuwa ikirushwa hewani na kudakwa Ihalo, bila mtu nyumbani kwao kujua. Alitamani babu angekuwa hai japo kwa dakika tano. Hakuwahi kutamani hivyo hata siku ya mazishi.

"Basi alime," Mzee Malimi aliamua. "Mjukuu wa Nukta Tatu hawezi kushika jembe kama mtu anayeshika mwavuli."

Alipinga, wakamcheka, akapewa jembe na nafasi ya Mama Evelina katikati ya mstari. Ngoma ikaanza. Wenzake waliinua majembe, yeye alichelewa. Waliyashusha, la kwake bado liko juu. Jembe lilikwenda lilikotaka. Tuta lake liliyumba kushoto, akalivuta, likayumba kulia. Alijua, kwa aibu kubwa, kwamba anaharibu kitu ambacho nusu saa iliyopita kilimtoa machozi.

Ndipo akahisi mdundo umebadilika. Akainua macho. Mzee Malimi alikuwa hatazami ngoma wala mstari, anatazama miguu ya Zahabia, na fimbo zake zilikuwa zinapunguza mwendo kidogo kidogo. Mstari wote ulipunguza. Watu ishirini na watatu, waliokuwa na uwezo wa kurusha majembe bila kuyatazama, waliyashikilia juu, wakangoja mikono ya binti mmoja wa mjini ifike. Ikafika. Wakashuka pamoja. Mshindo ulimpanda kupitia mpini hadi kifuani, na kwa mapigo kumi hivi, si zaidi, Zahabia hakuweza kujua wapi mwili wake unaishia.

Baadaye, viganja vikiwaka, alipanda juu ya mawe ya kilima ili apige picha ya shamba lote. Akatazama chini, akaketi. Matuta ishirini na manne yalishuka kuelekea ziwani, yakapinda pamoja kulizunguka jiwe, yakakutana tena ng'ambo na kuendelea. Nembo ilikuwa imelala pale. Walikuwa wameichora wenyewe, kwa ngoma, na wangeichora tena msimu ujao.

Alhamisi aliichora kwenye kompyuta tangu asubuhi. Hakuongeza kitu. Aliyapunguza matuta yakawa mistari saba ili isomeke ikiwa ndogo, kila mstari akiufuatisha kwenye picha. Mchana Pankaj alikuja, akasimama nyuma yake na kikombe cha chai, akakinywa chote akiitazama skrini.

"Hiki ni kitu hasa," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. Kisha kidole chake kikagusa skrini, mstari wa nne. "Ila hapa pana kosa. Mmoja umeyumba. Nyoosha."

"Ni tuta langu hilo."

"La kwako, la nani, mtu wa ughaibuni atajuaje? Ataona mchoraji hakuwa makini. Nyoosha, Zahabia. Kesho ndiyo mwisho."

Alikuwa na hoja, na Zahabia alijua kwamba ana hoja. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe alitaka kunyoosha. Nani anapenda aibu yake iwekwe kwenye nembo? Akaunyoosha. Mistari saba ikawa safi, sawa kabisa, inapendeza. Akaitazama. Lilikuwa shamba la mtu yeyote. Mtu angeweza kuandika "shamba la Afrika" mtandaoni, zikaja picha mia tatu, na hii ikawa mojawapo. Akakaa nayo hadi duka la vitambaa chini lilipofunga milango. Kisha akalirudisha tuta lake lilivyokuwa, limeyumba kushoto, limevutwa, limeyumba kulia, na baada ya hapo limenyooka. Akaichapa hivyo, akazima kompyuta kabla hajabadili mawazo.

Ijumaa saa tatu Mzee Malimi na Mama Evelina walikaa kwenye viti vilevile. Pankaj alisimama karibu na dirisha. Zain, kijana wa meza ya pili, aliacha kuandika. Zahabia aliiweka karatasi mezani, na mikono yake, yenye malengelenge mawili yaliyopasuka, akaificha mapajani.

Mzee Malimi hakuigeuza karatasi. Hakuisogeza mbali. Aliinama juu yake hadi miwani ikakaribia kuigusa, na akakaa hivyo kwa muda ambao Zahabia aliona ni msimu mzima. Pankaj alikohoa.

Kisha kidole cha mzee kikatua kwenye mwanzo wa mstari wa kwanza. Kikagonga. Kikasogea, kikagonga tena. Kilikuwa kinatembea juu ya tuta, taratibu, na kila hatua kikibisha mezani mdundo uleule wa Jumatano. Kililifikia jiwe, kikalizunguka. Kikarudi juu, kikaanza tuta la pili, kisha la tatu. Mama Evelina alikuwa amefumba macho, na kutoka kooni mwake ilianza kusikika ile sauti nyembamba, bila maneno.

Kidole kikaingia mstari wa nne. Pale ulipoanza kuyumba kikapunguza mwendo. Kikagonga, kikasubiri. Kikagonga, kikasubiri zaidi. Mzee Malimi aliinua macho juu ya fremu ya miwani, akamtazama Zahabia.

"Hapa," alisema, "hapa tulikungoja."

Akashika mdundo tena, akaendelea na tuta lake hadi ziwani.